Jani Tusilolijua Jina: Kutoka Bustani ya Msikiti Kibaha Hadi Msitu wa Kisarawe

Ilikuwa siku ya Jumamosi, baada ya sala ya Adhuhuri, watoto wa madrasa wakiwa katika mapumziko mafupi kabla ya kurejea darasani. Binti mmoja mwenye umri wa miaka 5 alikuja mbio kutoka barazani, mkono mmoja umeziba mdomo, machozi yakimtoka na mate yakimchuruzika bila ya kuweza kuyameza. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuvimba. Katika mkono wa pili alishika kipande cha jani pana la kijani lenye mabaka meupe. Lilikuwa ni jani la ua tuliloliweka sisi wenyewe, kamati ya msikiti, katika vyungu viwili vikubwa mlangoni pa madrasa.

Tulimkimbiza hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa jepesi: "Ametafuna mmea gani?" Tukatazamana. Tulikuwa watu wazima wanne, mmoja ustadhi, mmoja fundi, mmoja mfanyabiashara, na sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu. Sote tulilijua ua lile kwa uzuri wake, na hakuna hata mmoja aliyelijua kwa jina. Tulimkabidhi daktari kile kipande cha jani, naye akamweka mtoto chini ya uangalizi hadi asubuhi, akichunga pumzi zake. Alhamdulillahi, uvimbe ulipungua, na siku ya pili binti yetu alirudi nyumbani akiomba uji.

Liko jambo jingine la siku ile ambalo hatuna budi kulisema, ingawa linatutia haya. Wakati binti analia, mvulana mmoja wa miaka 9 alitusogelea akasema, "Ustadhi, jani lile ni kama la magimbi ya bibi. Linawasha." Tulimwambia akae kando, kwani wakubwa wanazungumza. Ilikuja kubainika baadaye kwamba katika watu wote waliokuwepo barazani, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jibu la daktari.

Kamati ilikutana usiku uliofuata baada ya Isha. Baba wa mtoto alihudhuria, akasema kwa utulivu uliotuumiza zaidi kuliko ukali: "Fedha za waumini zimenunua kitu kilichomdhuru mwanangu. Nataka kujua nini kingine mmekipanda." Mzee mmoja alipendekeza bustani yote ing'olewe, pabaki mchanga mtupu. Wengine wakaona kuwa kung'oa tusichokijua ni ujinga uleule wa kupanda tusichokijua. Kauli ya mwisho ikawa kwamba vile vyungu viwili viondolewe usiku huohuo, madrasa ifungwe kwa wiki moja, na katibu, ambaye sahihi yake ndiyo iliyokuwa katika stakabadhi ya manunuzi, aende akatafute majina.

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari hii, ndugu msomaji.

Tulianzia hapahapa Kibaha. Mtu anayepita barabara ya Morogoro hawezi kukosa kuziona bustani za miche zilizojipanga kandokando ya lami: vyungu vya saruji, mifuko myeusi ya plastiki, miche ya miembe na michungwa upande mmoja, na mimea ya mapambo upande wa pili chini ya kivuli cha neti. Tuliingia katika moja ya bustani hizo tukiwa na daftari. Mama mwenye bustani alitupokea kwa ukarimu, akatutembeza safu kwa safu.

Tuligundua upesi kwamba majina ya biashara ni kitu kimoja na majina ya mimea ni kitu kingine. Ua lenye vijani vinene vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta aliliita "zizi", na tulipocheka tukiuliza kama linafugiwa mbuzi, naye akacheka. Mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo aliuita "mti wa pesa", akaeleza kuwa wapo wateja wanaoununua kwa kuamini kwamba utawaletea riziki ndani ya nyumba. Hapo tulimkumbusha, naye alikubali mara moja, kwamba mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba mmea huo hauna zaidi ya majani yake. Tulipomwonesha picha ya ua letu alisema, "Hilo ni difenbakia. Linapenda kivuli, maji mara moja kwa wiki." Tukamuuliza kama lina madhara. Alifikiri kidogo, akasema kwamba likikatwa utomvu wake humwasha mikono, kwa hiyo yeye huvaa glavu. Alipotuuzia hakulisema hilo kwa sababu hatukuuliza.

Tulipotoka pale tulikuwa na majina 17 katika daftari, lakini tulihisi kama mtu aliyepewa orodha ya wageni wa harusi bila ya kuambiwa nani ni jamaa ya nani. Ndipo tulipomkumbuka yule mvulana na magimbi ya bibi yake. Tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, na tukawaomba wazazi wake ruhusa ya kusafiri naye hadi kwa bibi huyo, wilayani Kisarawe.

Tuliondoka Jumapili baada ya Alfajiri katika gari dogo: sisi, ustadhi wa madrasa, baba wa yule binti, mvulana na baba yake. Tulishika barabara ya Morogoro hadi Mbezi Mwisho, tukaingia njia ya Malamba Mawili na Kinyerezi, tukatokea Banana, kisha tukapita Gongo la Mboto na Pugu kuelekea vilima vya Kisarawe. Njiani tulianza mchezo wa kutaja miti, na kila asiyejua alinyamaza. Miashoki iliyosimama kama minara mbele ya nyumba, asili yake Bara Hindi. Mwarobaini, nao pia wa Bara Hindi, uliopewa jina hilo kwa kudhaniwa kuwa hutibu maradhi arobaini. Mkrismasi wenye maua mekundu ya Desemba, asili yake Madagaska. Bogenvilia ukutani, kutoka Amerika ya Kusini. Tuliona jinsi yadi moja ya Mswahili inavyoweza kukusanya wageni kutoka pembe zote za dunia.

Bibi alitupokea chini ya mwembe. "Shikamoo bibi," tukasema sote. "Marahaba wajukuu zangu, karibuni, mmepotea njia ama mmekuja kwangu?" Alipokwisha kusikia kisa, alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akatuongoza bondeni, pale anapolima magimbi karibu na kijito. Akakata jani moja, akaliweka juu ya kiganja chake pamoja na picha ya ua letu.

"Tazama mwanangu," akatuambia. "Bua nene lenye maji, bila ya mti ndani yake. Jani linatoka na shina lake limelikumbatia bua. Hawa ni ukoo mmoja, ukoo wa kuwasha. Gimbi bichi huwezi kulimenya mikono ikabaki salama, sembuse kulitia mdomoni. Sisi hulichemsha sana ndipo tukala."

Mvulana hakusema neno. Baba wa yule binti aliinama akamshika bega, akamwambia, "Siku nyingine sema tena, hata ukinyamazishwa."

Hapo ustadhi alitukumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (saw) aliwauliza Maswahaba kuhusu mti usiopukutika majani ambao mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakaifikiria miti ya jangwani. Abdullah bin Umar (ra) alikuwa kijana mdogo baina yao. Moyoni mwake lilikuja jibu kwamba ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Mtume (saw) akawaeleza kuwa ni mtende. Baadaye Umar (ra) alimwambia mwanawe kuwa angependa sana lau angelisema. Tumeisoma hadithi hii chuoni mara nyingi tukitazama fadhila za mtende. Siku ile, kando ya kijito, tuliisoma kwa upande wa mtoto aliyenyamaza.

Kutoka kwa bibi tulikwenda hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iliyo jirani kabisa na mji wa Kisarawe na iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wengi hulijua eneo hili kwa mapango yake yenye popo, mahali palipochimbwa udongo mweupe wa kaolini. Sisi tulifuata majani. Mhifadhi aliyetuongoza alisikiliza habari ya bibi na ukoo wa kuwasha, akatabasamu, akasema kwamba wanasayansi wamesema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Magimbi, difenbakia, "mti wa pesa", na mimea mingi ya sebuleni yenye majani mapana ni ya familia moja, kwa Kilatini Araceae. Alama yao kubwa ni ua: kijiti kilichosimama, kimejaa vijiua vidogo sana, na pembeni yake jani moja limekifunika kama mtu aliyejitanda kanga. Ndani ya majani ya wengi wao mna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano, ndogo mno hazionekani kwa macho. Atakayetafuna hudungwa ulimi na koo, na ndio maana huvimba.

Tulipiga hatua chache, akatuonesha chini ya kivuli mmea uliotusimamisha. Vijani vinene, vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Ulikuwa "zizi". Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni huku kwetu, Afrika ya Mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika ya Kusini. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, na kwa sababu hiyo hustahimili kiangazi na pia usahaulifu wa wenye nyumba. Wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990, ukaenea katika ofisi na sebule za dunia nzima, na sasa unarudi kwetu katika chungu kwa bei ya mgeni. Mhifadhi akatutajia na ndugu yake katika safari, ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo mnamo 1892 afisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mbegu zake Ujerumani. Likaja kuwa moja ya maua ya ndani mashuhuri kabisa huko Ulaya na Marekani.

Tukiri kwamba tulijaribiwa. Tuliwaza kwamba shina moja tu la zizi, lililochimbwa kwa mkono, lingeiokolea kamati shilingi kadhaa. Mhifadhi alitusoma usoni kabla hatujasema. Alieleza kwa upole kwamba ndani ya hifadhi hakichukuliwi kitu bila ya kibali, na kwamba msitu huu umekwisha kupungua sana kwa mkaa na kwa mashamba. Kisha akatueleza kuwa ipo mimea ambayo wanasayansi wameipa jina la kilima hiki, kama vile Baphia puguensis na Millettia puguensis, yote miwili ya jamii ya mikunde. Tulitazama chini. Amana ni amana, iwe ni sanduku la msikiti au kichaka cha Pugu.

Alituonesha pia msandarusi, ambao majani yake hutoka mawili mawili kama kwato za mbuzi. Utomvu wake uliogandika ndio sandarusi, ambayo katika karne ya 19 wazee wetu wa Mrima waliichimba ardhini na kuipeleka Zanzibar, na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakainunua kwa ajili ya vanishi. Babu zetu, kwa hakika, walijua kuutambua mti hata baada ya kufa kwake, kwa kuchimba mahali uliposimama zamani.

Kabla ya kuagana tulimwomba atufundishe namna ambayo familia ya kawaida inaweza kuanza. Alitupa maswali manne, nasi tunayafikisha kama tulivyoyapokea.

La kwanza, mishipa ya jani imekaaje? Ikiwa imekwenda sambamba kutoka mwanzo hadi ncha, kama katika mhindi, mkindu na mnazi, mmea huo yaelekea ni wa kundi la mbegu ya jani moja. Ikiwa imesambaa kama wavu, kama katika mwembe na mhina, yaelekea ni wa mbegu ya majani mawili. Magimbi yenyewe huvunja kanuni hii, kwani ni ya kundi la kwanza na mishipa yake imesambaa, na ndiyo maana haitoshi kuuliza swali moja.

La pili, majani yamepangwaje juu ya tawi: yanatazamana mawili mawili, au yanapishana moja moja? Na je, jani ni moja zima, au limegawanyika kuwa vijani vingi, kama la mkwaju?

La tatu, shina likoje na lina utomvu gani? Ukilizungusha shina la mrehani au kivumbasi baina ya vidole utahisi pembe nne, na jani lake ukilifikicha lina harufu kali. Hiyo ni familia moja. Utomvu mweupe kama maziwa ni ishara ya kukaa mbali. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huleta madhara makubwa.

La nne, ua na tunda vikoje? Mjohoro, mkwaju na mkrismasi vinatofautiana kwa sura, lakini vyote vinazaa maganda kama kunde, nazo ni jamaa.

Tulirudi Kibaha jioni, tukawahi Magharibi. Asubuhi yake tuliizunguka bustani ya msikiti na maswali yale manne. Kwenye ua wa nyuma, karibu na vyoo vya madrasa, palikuwa na kichaka chenye maua ya manjano ya umbo la kengele na majani membamba. Tulivunja kijitawi, kikatoka utomvu mweupe. Tulimpelekea mhifadhi picha, jibu lake likaja haraka: thevetia, asili yake Amerika ya Kati, na mbegu zake zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Tulipowauliza watoto, walitutolea mifukoni mbegu zake. Walikuwa wakizichezea gololi.

Baba wa yule binti ndiye aliyeshika jembe. Tulikichimba kichaka hadi mizizi, tukakizika mbali, na tukawaosha watoto mikono mmoja mmoja. Hakuna aliyezungumza sana. Sote tulijua kwamba lau tungeishia kuondoa vile vyungu viwili, tungefungua madrasa tukiwa tumeridhika, na mbegu zile zingebaki mifukoni.

Qur'ani inatueleza katika Surat al-Baqarah, aya ya 31, kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Adam majina ya vitu vyote. Heshima ya kwanza aliyopewa baba yetu mbele ya Malaika ilikuwa ni elimu ya majina. Wanazuoni waliotangulia waliirithi kwa vitendo: Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi kwa nchi akikusanya habari za mimea na dawa, akaacha kitabu chenye maelezo ya vitu zaidi ya 1,400 kwa mpangilio wa herufi. Hayo yalitangulia kwa karne tano kazi ya Carl Linnaeus wa Uswidi ya mwaka 1753, ambayo ndiyo msingi wa majina ya Kilatini tunayoyatumia leo. Ikiwa Mtume (saw) ametufundisha kwamba Muislamu apandapo mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka, basi ni juu yetu kujua kwanza ni mti gani tunaoupanda, isije ikawa tumekusudia sadaka tukawawekea watoto madhara.

Kwa wazazi tunasema haya. Usinunue ua bila ya kuuliza jina lake na ukoo wake, na uliza waziwazi kama lina sumu. Mimea ya ukoo wa magimbi, likiwemo zizi, iwekwe juu, mahali mtoto hafikii. Ikitokea mtoto ametafuna jani, msuuze mdomo kwa maji, usimlazimishe kutapika, na mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea huo. Na mtoto akisema kitu, msikilize.

Leo bustani yetu ina mrehani, mhina, yasmini na mikindu miwili, ili watoto wajue mswala wanaousujudia umetoka katika jani gani. Kila mmea una kibao kidogo: jina, ukoo na asili yake. Vibao hivyo ameviandika yule mvulana, kwa mwandiko wake mwenyewe, na pale palipokuwa na makosa ya herufi tumemwachia ayasahihishe mwenyewe. Binti yetu amerudi madrasa. Husimama mbele ya kila kibao, akamwomba kaka yake amsomee, ndipo anaponyoosha mkono kugusa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokipanda kwa kutojua, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.